Kipimo cha Ngumi

Mimi si mtu wa kusahau haraka, na hili sijalisahau. Aliyenifundisha kukata fremu za baiskeli ni mjomba wangu, tumbo moja na mama, pale Korogwe. Baiskeli nyingi zinazofika kwetu utadhani zilitengenezewa majitu. Mtu wa kimo cha kawaida akipanda, miguu inaning'inia na mikono inavutika. Fundi anayejua kazi hukata mabomba na kuyachomelea upya kulingana na mwili wa mwenye baiskeli.

Miguu alinifundisha vizuri. Mteja avue viatu, aegemee ukuta, abane ubao katikati ya mapaja, nawe upime kutoka sakafuni. Kisha mkono, ili kupata umbali wa kiti na usukani. Mteja anaweka kiwiko kwenye ncha ya kiti na kufunga ngumi. Ngumi inapoishia ndipo usukani ukae. Nilikariri. Ila kila ilipofika kupima mkono wa mteja, mjomba alikuwa na la kunituma: kaazime msumeno, kaniletee chai. Miaka minne nimebeba chai, sikujiuliza hata siku moja.

Nikafungua kibanda changu Kwedizinga, Handeni. Mwanzoni watu walijaa, kisha manung'uniko yakaanza. Magoti yanagonga usukani, mgongo unauma. Niliwajibu kwa ukali kwamba hawajui kukaa. Nimtilie shaka mjomba? Afadhali niwatilie shaka wateja wote wa Handeni. Hadi siku mkunga mstaafu, mama aliyenipokea nilipozaliwa, alipokata kona na baiskeli niliyompimia mimi. Goti lilizuia usukani, akaanguka, akavunjika mkono.

Nilipokwenda kumpa pole hakunigombeza. "Mwanangu, ile baiskeli ni fupi," aliniambia. "Tafuta unapokosea, usije ukaumiza mwingine."

Kesho yake asubuhi nikapanda basi kwenda Korogwe, kwa mtu pekee niliyeamini angenionyesha kosa langu. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba radhi kwa kuliharibu jina lake.

Nilimkuta amenipa mgongo, anampima mkulima mmoja aliyekuja na baiskeli yake kutoka Mazinde. Kiwiko cha yule mkulima kilikuwa kwenye ncha ya kiti.

"Nyoosha vidole," mjomba alimwambia. "Vyote. Ncha ya kidole inapofika ndipo usukani unakaa."

Kati ya ngumi na vidole vilivyonyooka kuna upana wa kiganja kizima, na ni huo huo uliomvunja yule mama mkono. Kumbe mjomba alijua. Mtu niliyekula naye sahani moja alinifundisha ili nishindwe. Nilimchukia pale pale, wala sioni aibu kusema hivyo.

Nikamwamkia. Akageuka, akaitikia marahaba huku anatabasamu, akauliza hali ya mama. Nikamwambia mama ni mzima, ila mimi baiskeli zangu zinaangusha watu, nimekuja anisaidie. Alinisikiliza kwa huruma kabisa. Kisha, bila kuniondolea macho, akaushika mkono wa yule mkulima, uliokuwa bado umelala juu ya bomba, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikawa ngumi.

"Kipimo ni hiki hiki nilichokufundisha," alisema. "Labda hukunisikiliza vizuri."