Ramani Niliyoitandika Uani

Mwalimu yule alimcheka binti yangu mbele ya darasa zima, nami nikaapa kwamba iko siku naye atachekwa palepale. Hazikuwa hasira za kupita. Kiapo hicho nilikilea karibu mwaka mzima, kama nilivyokuwa nikiilea miche yangu ya kahawa.

Mwalimu alikuwa ametundika ramani ya jimbo letu ukutani, akamwita binti aonyeshe Ziwa Rukwa. Mtoto, miaka tisa, akainama akagusa pindo la chini kabisa. Kwetu Mbozi, Rukwa ni kuteremka: baba zetu walishuka bondeni na magunia matupu, wakarudi wamepinda migongo kwa chumvi. Sasa alitafute wapi ziwa hilo kama si chini? Mwalimu, mtu wa kuja, akamshika sikio akamvuta hadi juu ya ramani.

"Rukwa ni hapa. Kamwambie mama yako aache kukujaza ujinga wa shambani."

Darasa likaangua kicheko. Binti alifika nyumbani sikio limevimba, akasema harudi tena.

"Basi usirudi," nikamwambia. "Utasoma hapa hapa."

Wiki hiyo hiyo mwalimu akafuta jina la binti daftarini. Mwenye uwezo wa kulirudisha alikuwa mkaguzi wa shule peke yake, ambaye alipita mara moja kwa mwaka, na bila jina hilo binti asingeingia darasa la nne. Mimi darasa hilo nililimaliza kabla ya kuolewa, na sikuwa tayari mwanangu aishie chini yangu kwa sababu ya sikio.

Kusoma na hesabu havikunisumbua. Jiografia ndiyo iliyonitoa jasho, maana nilitaka kifaa ambacho mwalimu hatakuwa na la kukisemea. Baba mkwe alinipa ramani ya enzi za Mjerumani aliyoificha darini. Ilikuwa nzuri, ila mchwa walikuwa wameila, na ziwa letu lilikuwa tundu. Mume wangu, aliyekuwa kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, akaniletea kitabu cha ramani za huko. Reli ilichorwa vizuri, mito imo, lakini ukivuka Tunduma kuja kwetu karatasi ilikuwa nyeupe tupu, kana kwamba sisi hatukuzaliwa. Hicho nilikirudisha kwa matusi.

Mwishowe nikashuka Tunduma kwa mwenye duka mmoja, nikakuta ramani ya kitambaa, ndugu yake ile ya shuleni kwa rangi na kwa maandishi. Niliitaka hiyo hiyo. Nilitaka nimchape kwa fimbo yake mwenyewe. Mwenye duka akachukua kuku wangu wawili watagaji na debe la maharage, na moyo haukuniuma hata kidogo.

Sikuitundika. Niliitandika uani karibu na vichanja vya kahawa, nikaibana kwa mawe, nikaizungusha mpaka Rukwa ya kwenye kitambaa ikaelekea Rukwa yenyewe. Kila asubuhi binti alisimama katikati, jua likiwa mkono wa kulia, nikamtajia mahali naye akanyoosha mkono: Tunduma, Isansa, Nyasa, Tabora. Akikosea niliushika mkono wake nikaugeuza taratibu. Sikio sikuligusa.

Mkaguzi alikuja baada ya mavuno. Niliingia darasani na binti, ramani kwapani, nikasalimia kwa adabu zote.

"Bwana mkaguzi, nimemleta mtoto aulizwe. Ila naomba mwalimu aanze, mtoto apate kuona swali linavyojibiwa. Tukitoka mlangoni hapa, Rukwa tuifuate upande gani?"

Mkaguzi akacheka, akamwashiria mwalimu ajibu. Ramani yake ilikuwa ukuta wa machweo, kwa hiyo ukiielekea, kushoto kwako ni kusini. Aliitazama, akaona ziwa liko juu kushoto, akanyoosha mkono juu kushoto. Kule ni njia ya Tunduma! Hapakuwa na mtoto mle ndani asiye na ndugu Tunduma. Kicheko kilichotoka kilitikisa madirisha, na mimi nilikinywa kama togwa.

Binti hakucheka. Alimwendea mwalimu, akamshika mkono, akaugeuza taratibu kulia.

"Ni huku, mwalimu. Ukishuka bonde."

Mkaguzi akamuuliza Nyasa na Tabora, akajibu zote, na jina lake likaandikwa mbele ya macho yangu.

Njiani nilikuwa nikicheka peke yangu. Binti akasema, "Mama, mkono wake ulikuwa unatetemeka."

"Ndivyo nilivyotaka."

Jumatatu aliondoka mapema kwenda shule, na nilipotoka kuanika kahawa nikakuta mawe yangu manne yamekaa uani hayana cha kubana. Jioni nikamuuliza ramani iko wapi.

"Nimempa mwalimu. Anajua ya kutundika tu, ya kutandika haijui."

Kuku wangu wawili watagaji! Nilinyanyua mkono, na huo mkono ukaenda wenyewe moja kwa moja kwenye sikio lake. Alinitazama tu, akasubiri. Nikaushusha, nikaenda kuyaokota mawe yangu.