Saksofoni Iliyochelewa

Juzi, kwenye harusi, kijana mmoja alipuliza saksofoni akiburuta kila sauti nyuma ya ngoma, na watu wakamshangilia. Kumbe! Kosa lilelile lililomfukuzisha baba! Papo hapo nikasikia harufu ya majivu na ndimu, alivyotumia kuing'arisha saksofoni ya kampuni.

Alasiri ile, nikiwa mtoto, fanfare, yaani bendi ya kampuni, ilifanya mazoezi mbele ya ofisi, moshi wa tanuri la shaba ukitukereketa kooni. Tarumbeta ziliingia pamoja na ngoma. Baba aliingia nyuma yao, akiipinda sauti bila haraka. Nilidhani hajui kupuliza, nikainamisha uso kwa haya.

"Rudia!" alifoka mzungu aliyewaongoza. Wakarudia. Baba akachelewa vilevile. Mzungu akamnyang'anya saksofoni, akamfukuza.

Tukashika njia ya nyumbani. "Papa, juu ya nini unachelewaka?" nilimuuliza.

"Bao njo banakimbiaka, mwanangu." Yaani wao ndio waliokuwa wakikimbia, si yeye aliyechelewa.

Alitembea katikati ya barabara, taratibu, akipiga mluzi wimbo uleule. Nyuma yetu fanfare ilianza tena. Ngoma iliingia peke yake. Kisha, bila haraka, tarumbeta zikaingia, na zote zilikuwa zimechelewa.