Kahawa Kwanza, Damu Baadaye

Juzi huko Isingiro, ile ya Kyerwa na si ya Uganda, binti mtafiti wa malaria alimwomba jirani yangu mjane tone la damu, nami nikiwa nimeketi hapo barazani. Nyumba nne zilikuwa zimeshamkatalia asubuhi ile. Bibi akamsogezea kwanza kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea mgeni. Binti akakirudisha kwa ncha ya kalamu.

"Samahani bibi, sijazoea."

Bibi akaficha mkono ndani ya kitenge. "Mjukuu wangu, unaogopa kahawa yangu, halafu unataka damu yangu?"

Binti akachukua punje mbili, akatafuna, akakunja uso. Bibi akacheka, akanyoosha kidole.

"Haya, toboa."

Nikashusha pumzi. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne, lakini sikuona mahali ambapo mtafiti naye hutia sahihi kwamba ametuamini.