Koleo la Hamadi na Ubwabwa wa Ufunguzi

Leo nimekula ubwabwa aliopikiwa Hamadi, naye kasimama ananimulikia tochi.

Subirini, msinihukumu.

Mwezi uliopita mimi na Hamadi, fundi mwenzangu wa umeme, tulikwenda Chake kununua makoleo ya kubania vichwa vya shaba kwenye nyaya. Mimi nikachukua dogo, la bei rahisi. Nilikwenda na kipande changu cha waya, nikabana kichwa, nikavuta, hakikuchomoka.

Yeye akachukua kubwa, zito, linang'aa. Hakujaribu chochote.

Kisha akaenda kwa Mzee Kombo, aliyekuwa anajiandaa kufungua mashine mpya ya kukoboa mpunga. Akamwambia koleo langu ni la kuvunjia njugu.

Kazi ya kufunga nyaya za mashine akapewa yeye.

Haya. Leo ufunguzi. Wanawake wameacha vinu nyumbani, wamekuja na mpunga wao. Shehe kaomba dua, tumeitikia amini, Mzee Kombo kawasha.

Kimya!

Hamadi akafungua bodi ya swichi. Kila waya aliougusa ulichomoka kama jino la mtoto. Koleo lake ni la nyaya nene, jamani!

Mzee Kombo akanigeukia. "Mwanangu, lile koleo la njugu unalo?"

Ninalo, wallahi.

Nikabana upya. "Hamadi, nimulikie."

Sinia la ubwabwa wa fundi likaletwa. Hamadi akataka kukaa.

"Bado waya mmoja," nikamwambia. "Shika tochi hapo hapo, mimi nile kidogo."

Nikala, nikanawa, nikawasha. Mashine ikanguruma.

Semeni, nimezidisha?

Maana huo waya mmoja haukuwapo.