Baba Alipokaa na Mashabiki Wake

Usiku ule nilisikia njumu kabla sijaona kitu chochote. Njumu juu ya saruji ya baraza letu: ko, kisha kimya kifupi, kisha ko nyingine nzito zaidi, kama mguu mmoja unamsubiri mwenzake. Hakuna mtu mwingine aliyetembea hivyo. Ndiyo iliyokuwa hatua ya goti bovu la Baba, na ndiyo iliyomfanya Mama alalamike maisha yao yote: "Baba Neema, hiyo sakafu nimeipiga rangi jana tu, unaingia na njumu kama ng'ombe?"

Nikajua ni yeye. Nikajua pia, vile tunavyojua mambo ndotoni bila kushangaa, kwamba amekufa, na kwamba kufa hakukumzuia kwenda mazoezini.

Baba yangu, Mwalimu Kikoti, alifundisha hesabu na mpira katika chuo cha ualimu kilichoko juu ya mji wetu. Alituacha mvua za mwaka jana. Timu ikachukuliwa na msaidizi wake, Kocha Gama, na tangu siku hiyo mashabiki wa chuo hawana mazungumzo mengine. Sokoni, kantini, hata nje ya kanisa, wanawapima: Kikoti huku, Gama kule. Jioni iliyotangulia ndoto hii, mwenyekiti wao, kijana wanayemwita Mzuka, alikuja nyumbani na wenzake, wote wamevaa fulana zenye picha ya Baba. Walitaka nisimame mbele ya mkuu wa chuo, mimi mtoto wa kwanza, niseme kwamba Gama aliidhalilisha familia yetu msibani.

"Neno lako tu, dada," Mzuka alisema. "Tukisema sisi, ni kelele za mashabiki. Ukisema wewe, ni damu. Atafungasha jioni hiyohiyo."

Niliwaambia nitawajibu asubuhi. Nikalala, na nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshakubali.

Basi nikafungua mlango wa baraza, na baraza haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa chuo, nyasi zake fupi za kiangazi, na jua la saa kumi limelala juu ya goli la kaskazini. Mechi inaendelea. Nimekaa kwenye mteremko wa nyasi ambako mashabiki hukaa, na Baba amekaa kando yangu, magoti yamekunjwa, njumu miguuni na suti ile ya kijivu tuliyomzika nayo. Anatafuna jani la nyasi. Namtazama na macho hayashibi. Kovu lake juu ya jicho lipo. Mvi za shingoni zipo. Nataka kumgusa mkono, lakini mkono wake una shughuli, unafuata mpira, unapinda kushoto mpira ukienda kushoto.

Chini yetu Gama yuko kwenye mstari, ameshika kiuno. Kipa anapitwa, bao linaingia, tumefungwa. Gama anampigia kipa makofi ya kumtia moyo.

"Mnaona?" Mzuka amesimama mbele yetu na fulana yake. "Anampigia makofi! Kafungwa bao la kizembe, anapigiwa makofi! Kikoti angemtoa palepale, akaoge."

"Kikoti angemfokea mpaka nyavu zitetemeke," anasema mwingine.

"Kikoti asingefungwa kabisa. Uwanja huu? Hafungwi mtu hapa enzi za Kikoti."

Baba anatoa jani mdomoni. "Kikoti naye alifungwa," anasema taratibu.

Wanageuka wote.

"Nani huyo?"

"Mzee, wewe Kikoti ulimwona wapi?"

"Nilimwona," Baba anasema. "Alifungwa na timu ya Magereza. Hapahapa. Akaenda akajifungia stoo ya mipira, akalia."

Kicheko kinapasuka mteremko mzima. "Kikoti alie? Mzee, pombe ya asubuhi hiyo!" "Huyu katumwa na Gama, si bure." "Hebu mwangalieni na suti yake uwanjani, anakwenda kutoa posa?"

Mzuka anainama karibu naye, na picha ya fulana inakaribiana na uso. Sasa ninaona kwamba aliyechapisha ile picha alilifuta kovu, akazitia weusi mvi, akaunyoosha mdomo ambao kwa Baba ulikuwa umepinda kidogo upande wa tabasamu. Baba anautazama uso ule kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana nao wapi.

"Mzee," Mzuka anamwambia, na sauti yake haina ubaya, ina huruma, ndiyo maana inaniuma, "wewe hukumwelewa Kikoti. Shuka chini ukakae na wageni."

"Ndiye huyu!" nikasema. "Huyu ndiye Kikoti. Huyu ni baba yangu!"

Wakanisikia vizuri. Kisha msichana mmoja akanisogelea, akanifunika mabega kwa skafu yake ya timu. "Pole, dada," akasema. "Msiba hauishi haraka."

Na Baba alikuwa ameshainuka, anakung'uta nyasi kwenye suruali, anawaomba radhi mmoja mmoja ili apite.

Nilimfuata. Mteremko ukawa njia ya kwenda nyumbani kwetu, na njiani tukakuta watu wameketi kwenye mikeka, turubai limefungwa kwenye paa, sufuria kubwa za pilau zinatoa moshi. Msiba wake mwenyewe. Baba akasimama nyuma kabisa, mahali wanaposimama watu waliochelewa, mikono amefumbata mbele. Mbele yetu jeneza linatoka ndani.

Hapo ndipo Gama anapotokea, kama alivyotokea siku ile ya kweli. Gama ni Mngoni, na sisi ni Wahehe. Mababu zao na mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakageuka watani, na mtani ana kazi yake msibani: huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huwazuia wafiwa wasizame. Gama amevaa bukta ya Baba na kofia yake, filimbi shingoni. Bega la kushoto limeshuka, mkono umeshika kiuno kwa nyuma, goti linasubiriwa na goti. Anawazunguka wachezaji waliobeba jeneza.

"Nyanyueni magoti!" anawafokea kwa sauti ya Baba. "Mnabeba jeneza au mnabeba uji? Namba sita, unamtazama nani, mpira uko hapa! Mtanizika leo au mtanizika mzunguko wa pili?"

Siku ile wazee walicheka huku machozi yakiwatiririka. Shangazi alicheka mpaka akashikiliwa. Lakini kuna mtu alirekodi kwa simu, akakata kipande kifupi, Gama peke yake akichechemea mbele ya jeneza, bila mikeka, bila shangazi, bila vicheko. Kipande hicho ndicho kilichozunguka chuo kizima. *Tazameni alivyomdhihaki aliyemlea.* Na mimi, ambaye nilikuwepo, ambaye nilijua, sikucheka. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikaziba masikio, kwa sababu ilikuwa ni sauti yake, ilikuwa ni yeye kabisa, na hakuwa yeye.

Ndotoni sikukimbia. Nilimtazama Baba.

Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Macho yamefumba, machozi yamejaa kwenye kope, na hakuna sauti hata kidogo inayotoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka tangu zamani, kicheko cha mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilikuwa nimekisahau. Nilidhani nimehifadhi kila kitu chake, kumbe hicho kilishaniponyoka.

"Baba," nikasema. "Wanataka nimfukuze Gama. Kwa jina lako."

Tumefika jikoni sasa. Hakuna watu, hakuna turubai. Mwanga ni ule wa alfajiri, na yeye amekaa kwenye kigoda cha Mama, anafunga kamba za njumu.

"Mwambie Gama," anasema bila kuinua kichwa, "alinichekesha."

Nasubiri. Anavuta fundo, analikaza.

"Na mimi?" nauliza. "Mimi umeniletea neno gani?"

Anainua uso. Ananitazama kwa upole ule aliokuwa akiwapa wachezaji waliokaa benchi mechi nzima. Najua upole huo. Utoto wangu wote nilimwona akiugawa, nikaomba siku moja unifikie, na sasa umenifika, natamani angenifokea. Anainuka, anavuta suruali, anasema yale aliyosema kila jioni akitoka mezani na chai haijaisha:

"Nimechelewa, mama. Timu inanisubiri."

Nikaamka nikiwa nimekaa kitandani, mikono mbele, kama mtu aliyeachiwa kitu kikaanguka.

Mama alikuwa jikoni anachagua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, palepale mlangoni, kabla sijanawa uso. Alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Alikupa kitu mkononi?"

"Hapana."

"Aliomba chakula?"

"Hapana, Mama."

Akashusha pumzi: basi hakuja kudai wala kumchukua mtu. Kisha vidole vikasimama katikati ya maharage. "Mimi hajanijia hata mara moja," akasema. "Namtandikia upande wake mpaka leo. Hajaja." Akachukua jiwe dogo kwenye ungo, akalirusha nje. "Nenda. Ujumbe wa marehemu haulazwi."

Simu ya Mzuka ilinikuta njiani.

"Dada, tumeshakusanyika. Tuje kukuchukua?"

"Msije. Familia haina kesi na Gama."

"Haina kesi? Jana ulituambia..."

"Jana niliwaambia nitawajibu. Baba amekuja usiku. Amesema Gama alimchekesha."

Nyuma yake nilisikia wenzake wakiuliza, anasemaje, anasemaje.

"Ndoto, dada? Twende kwa mkuu wa chuo, tumwambie kuna ndoto?"

"Msimwambie kitu."

"Na fulana zote hizi?"

"Vaeni," nikamwambia. "Ila huyo mliyemvaa hana kovu. Baba alikuwa nalo."

Gama anaishi peke yake katika nyumba za walimu, nyuma ya bweni. Nilipobisha alifungua haraka, akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Alipoona niko peke yangu, akasogea nipite.

"Kamwene, Mhehe," alinisalimu, kwa salamu ya kwetu, kama alivyonisalimu tangu nikiwa mtoto. Lakini zamani alikuwa akiisema kwa kelele, akinivuta sikio. Safari hii aliisema chinichini, kama anaomba.

"Kamwene, baba mdogo."

Tangu msiba sikuwa nimemwita hivyo. Aliketi. Begi lake lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa, halina kitu ndani bado.

"Baba amenituma kwako," nikasema. "Anasema ulimchekesha."

Hakuniuliza lini, wala wapi. Alinitazama muda mrefu, mtu mzima yule, kisha akauliza kwa sauti iliyokwaruza: "Alicheka vipi?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nikafumba macho, nikaacha mabega yapande na kushuka. Nilipofumbua, Gama alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

"Ndiye," alisema ndani ya viganja. "Ndiye Mhehe yule." Alijipangusa kwa ukingo wa shati. "Wananiambia mimi si kama yeye. Kila siku wananiambia. Wanadhani sijui? Mimi ndiye ninayejua kuliko wote." Kisha akakumbuka jambo. "Na wewe, mwanangu? Wewe alikuambia nini?"

"Aliniambia amechelewa. Nimechelewa, mama, timu inanisubiri."

Alitikisa kichwa polepole. Hakutafuta maneno ya kunipoza, na nilimshukuru kwa hilo.

"Baba mdogo," nikasema, "tembea kama yeye."

"Aa, hapana. Mtani ana ruhusa yake siku ya msiba. Msiba ukiisha, ruhusa imekwisha. Umeona yaliyonipata."

"Kwangu haujaisha."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita kwenda darasani, wanacheka. Gama akasimama. Kwanza bega la kushoto likashuka. Kisha mkono ukaenda nyuma, ukashika kiuno. Kidevu kikapanda. Nikaona mwili wa mtu ukihama, na mwingine ukihamia, hapo mbele yangu, asubuhi, macho yangu yakiwa wazi. Sikukimbia, wala sikuziba masikio.

"Nimechelewa, mama," alisema Baba. "Timu inanisubiri."

Akavuka chumba, goti likisubiriwa na goti, akanipita karibu kiasi cha kunigusa. Hakugeuka nyuma. Hakuwahi kugeuka nyuma maisha yake yote. Akafungua mlango, akatoka, akaufunga.