Umekuja au Umerudi?

Kwetu mtaani Buyenzi, mtu akitoka safari haulizwi habari za huko. Anaulizwa: "Umekuja ao umerudi?" Aliyekuja ataondoka tena. Aliyerudi, safari zake zimekwisha.

Miaka yote swali hilo nililijibu huku natembea. Mimi ni mshambuliaji. Nimefunga magoli Tanzania, Zambia, Oman na Uturuki, na kila likizo nilikuja. Valizi yangu ya safari mama aliiacha palepale sebuleni, karibu na mlango, wala hakuruhusu mtu aiingize chumbani. "Hiyo ni ya mutu wa njia," alisema.

Safari hii mkataba umekwisha na goti linavimba. Wakala wangu alisema nisubiri simu. Nasubiri. Naingia nayo bafuni, naiweka kando ya sahani ninapokula, na ikilia ni binamu anayetaka viatu. Mafundi wa mtaani wananiita kutoka chini ya magari: "Mukubwa, umekuja ao umerudi?" "Nimekuja!" nawajibu kama mtu anayegombana, na wao hawajanikosea kitu.

Ijumaa nilitoka msikitini nikazunguka njia ya mbali ili nisipite kwenye gereji zao. Nilipofika nyumbani, pale karibu na mlango palikuwa patupu. Nikamuuliza mama valizi iko wapi.

Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Nguo nimezifua zote," alisema. "Yenyewe nimeipandisha juu ya kabati."