Mwalimu Alichagua Daftari, Mie Nikapiga Window

Admin, nifichie jina, hata herufi ya kwanza usiweke, maana wateja wangu wengi wamo humu na wanasoma sana kuliko wanavyokomenti.

Mie ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nina steshenari yangu Manzese. Natoa kopi, nachapa barua, na kompyuta za watu zikisumbua natengeneza. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuangalia wengine na kwa mdomo, hasa mdomo. Mtaani wananiita Injinia, na hilo jina nililipenda kuliko nililopewa na wazazi.

Kuna mama mmoja mstaafu, alifundisha shule ya msingi, wote tunamwita Mwalimu. Ni mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha ubaoni. Mumewe alifariki kwa ugonjwa wa koo. Madaktari walipomwambia kwamba sauti itatangulia kuondoka, yule mzee alianza kujirekodi kwenye simu: anamkumbusha mkewe walivyokutana, anawausia watoto, anaimba tenzi huku anakohoa. Mkwe wao akazihamishia rekodi kwenye kompyuta ya mezani. Simu yenyewe iliibiwa msibani, watu wana roho jamani. Kwa hiyo ile kompyuta ndiyo ilikuwa mzee. Kila jioni Mwalimu alikaa akasikiliza rekodi moja.

Siku hiyo alikuja na bajaji, CPU kaifunga kwenye kanga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Rekodi za mzee zimegeuka karatasi. Nikifungua, naona maandishi ya ajabu tu. Nafikiri ni mimi. Juzi kompyuta iliniuliza nizifungue kwa kutumia nini, nikaona pale..."

Nikamkatiza. Dukani kulikuwa na wateja wanne, nami nilitaka wanisikie.

"Mwalimu, hivyo ni virusi. Nyie mnabonyezaga kila kinachotokea kwenye skrini, ndo vinapoingilia hapo. Dawa yake moja tu, naipiga window."

Kwa msiojua, kupiga window ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Huku kwetu kompyuta hata ikikohoa tunaipiga window.

"Na rekodi, mwanangu?"

"Rekodi zimeshaliwa hizo. Nikizihamisha, virusi navyo vinahamia kwangu."

Akaifungua ile kanga, akanisogezea CPU. "Basi fanya, wewe ndiye fundi."

Nikafuta. Tena nikajiona nina huruma, nikamjazia diski nzima nyimbo za kwaya na tamthilia ili ajiliwaze.

Alipokuja kuichukua ndipo akamalizia sentensi niliyomkata. "Iliniuliza, nikaona imeandikwa Notepad. Nikasema hili ni daftari. Mimi mwalimu, ningechagua nini kingine? Nikaweka na alama ya vema, iwe hivyo siku zote. Kumbe nilikuwa namfuta mume wangu."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ndo hivyo Mwalimu. Siku nyingine usipokielewa kitu, usikibonyeze."

Miezi miwili baadaye nyimbo zangu mwenyewe zikageuka karatasi. Nimeshachomeka flashi nipige window, kaka anayetengeneza simu mlango wa pili akaingia, akacheka mpaka akashika meza.

"Injinia, window ya nini sasa? Nyimbo zako zipo nzima, sista. Ishu ni kwamba umeiambia kompyuta izifungue na Notepad. Hilo si daftari tu? Litaimbaje?"

Akabofya upande wa kulia wa mausi, akachagua programu ya muziki, akaweka tiki pale chini. Nyimbo zikaimba. Hata dakika haikuisha.

Kusikia daftari, nikamkumbuka Mwalimu. Alikuwa ananitajia ugonjwa wa kompyuta kwa mdomo wake, na mie nikamkatiza. Rekodi zilikuwa hai pale mbele yangu, nikazifuta kwa mikono yangu.

Nikaiomba ile CPU kwa uongo kwamba naisafisha vumbi, nikaipeleka kwa fundi wa mjini anayefufua mafaili. Akahangaika nayo siku tatu, akaniita. "Dada, aliyejaza hizi kwaya ndiye aliyezika. Zimeandikwa juu ya zile rekodi, hazifufuki tena." Sikumwambia aliyejaza ni nani.

Sasa watoto wa Mwalimu wanamlaumu mama yao. Kijana wake mkubwa ameichukua kompyuta kaipeleka kwake Ukonga, eti mama asije akaharibu na vingine. Binti yake alikaa wiki nzima hamsemeshi. Mie ndiye niliyeianzisha hiyo hadithi kwamba kubonyeza kwake ndiko kulikofuta, na nimekaa nayo kimya, kwanza kwa kuogopa kulipoteza jina la Injinia, nisidanganye. Ila siku hizi hata duka lingefungwa leo nisingelia sana. Ninachoogopa ni kumwambia kwamba sauti ilikuwepo, na yeye ndiye aliyeibeba kwenye kanga akaniletea. Nitakuwa namfiwisha mara ya pili. Nikinyamaza, atakufa akijua kwamba yeye ndiye aliyemfuta mumewe.

Jumatano iliyopita alikuja kuchapisha picha ya mzee kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Nikamsogezea mausi, nikamwambia achague mwenyewe anayoipenda, abonyeze. Alirudisha mkono nyuma, akauficha ndani ya kanga.

"Bonyeza wewe mwanangu. Mkono wangu mimi una balaa."

Nikabonyeza. Picha ikatoka, akanishukuru, akaniombea na mume mwema.

Jumatano hii anakuja tena kufuata ratiba ya ibada. Jamani, mwenye akili kunizidi aniambie: nimweleze, au nimwache hivyo hivyo? Matusi nitayasoma yote, nayastahili. Ila katikati ya matusi naomba mtu mmoja anijibu, huu mkono wa Mwalimu nautoaje kwenye kanga?